Dawa haiwezi kufanya kazi ya banda

Nafanya kazi kwenye shamba la nguruwe huko Jutland, Denmark. Nikirudi Kibaha, Tanzania, ndugu zangu wafugaji wa kuku wananiuliza: huko mnatumia dawa gani? Jibu langu huwaudhi, lakini nitalirudia. Sisi nyumbani hatuna upungufu wa dawa. Tunazo nyingi mno, na tunaziagiza zifanye kazi ya banda.

Kifaranga wa broila akishuka tu kwenye boksi, maji yake ya kwanza yana antibiotiki. Baadaye anapewa dawa ya kuhara damu, halafu ya mafua. Muuzaji dukani anasikiliza dalili kwa simu na kutaja dozi, na faida yake imo kwenye chupa. Ukiingia bandani unakuta turubai limeziba pande zote kwa kuogopa baridi, jiko la mkaa katikati, na maranda yamelowa chini ya vyombo vya maji. Amonia inakutoa machozi mlangoni. Kuku anaivuta usiku kucha, koo na mapafu yanachubuka, kisha bakteria wanapata njia. Maranda yale yenye joto na unyevu ndiyo yanayokomaza vimelea vya kuhara damu, na ndiyo yanayounguza nyayo. Antibiotiki gani itakausha maranda?

Denmark, tangu miaka ya 1990, daktari wa mifugo hatajiriki kwa kuuza dawa. Analipwa kwa kuja kuangalia zizi. Kufikia mwisho wa 1999 wafugaji wa nguruwe walikuwa wameacha antibiotiki za kukuzia, yaani za kuwafanya wakue haraka, na mwaka 2010 ikaja kadi ya njano, yaani onyo rasmi, kwa shamba linalozidisha matumizi. Mwenye shamba akabanwa, ikabidi atazame sakafu, hewa na chakula. Chukua mfano wa kuhara baada ya kuachishwa kunyonya. Mtoto wa nguruwe anatengwa na mama akiwa na wiki 4 hivi, utumbo wake bado haujazoea chakula kikavu. Kwa miaka mingi tatizo hilo lilifunikwa kwa oksidi ya zinki ya kiwango cha dawa kwenye chakula, hadi Umoja wa Ulaya ulipoizuia Juni 2022. Sasa kazi ni kupunguza protini kwenye chakula, kuwapa sehemu kavu yenye joto, kutochanganya makundi, na kuosha chumba kikauke kabisa kabla ya kundi jingine kuingia.

Sisemi Denmark ni pepo. Jike wa huko amezalishwa kiasi kwamba kwa mwaka anaachisha watoto zaidi ya 30, na mara nyingi watoto ni wengi kuliko chuchu. Mikia bado inakatwa, ingawa sheria ya Ulaya inakataza kuikata kama desturi, kwa sababu nguruwe waliobanana bila cha kuchezea hutafunana. Sehemu kubwa ya mazizi ina bakteria sugu kwa antibiotiki, aina ya MRSA, na sisi vibarua tunaweza kuwabeba. Hayo nayo ni magonjwa yanayotengenezwa na ufugaji. Mwekezaji anayetaka kuleta mfumo ule mzima Tanzania ajibu kwanza kuhusu hayo.

Mtaniambia wale wana pesa. Lakini upepo wa Kibaha haulipiwi. Acha wazi sehemu ya juu ya ukuta, geuza maranda kila siku, toa yaliyolowa. Uza kuku wote, safisha, acha banda tupu likauke, usiingize vifaranga juu ya kinyesi cha waliotangulia. Chanjo za kideri na gumboro zisikosekane, maana hivyo ni virusi na hakuna antibiotiki inayoviua. Chanjo ya kideri ya I-2 hata inavumilia joto kuliko nyingine.

Kwa serikali nina ombi moja: antibiotiki ya mifugo isiuzwe mpaka mtaalamu awe ameingia bandani. Na ili hilo lisiwe adhabu kwa mfugaji wa kijijini, mtaalamu wa mifugo wa kata apewe pikipiki na mafuta.