Mwenye sukari ya mimba asilazwe njaa

Hapa Goma mjamzito hushauriwa na kila mtu, na siku akijulikana ana sukari ya mimba, yaani kisukari kinachoanza mtu akiwa mjamzito, ushauri unageuka. Wale wale waliokuwa wakisema "kula, mko wawili" wanaanza kumwondolea sahani. Mama mkwe anaficha mandazi, shangazi anaagiza jioni anywe maji alale. Mimi napinga. Mimba yangu ya pili niliibeba na sukari, na kilichonisaidia ni kula kidogo kidogo katikati ya milo.

Homoni za kondo la nyuma huifanya insulini ya mama, ile inayoshusha sukari ya damu, ishindwe kazi, hasa mimba ikishapita miezi mitano. Sasa mtu huyo ukimkalisha na njaa tangu asubuhi, akifika kwenye bugali atakula wa watu watatu, na sukari itapanda. Hata usiku, tumbo likiwa tupu, ini humwaga sukari kwenye damu. Insulini ya mama haivuki kondo, lakini sukari yake inavuka. Mtoto anatengeneza insulini nyingi kuikabili, ananenepa kupita kiasi, na akishazaliwa sukari yake yeye inaweza kushuka ghafla.

Kwa vitafunio, mji huu umebarikiwa. Kipande cha jibini ya Masisi. Yai la kuchemsha la barabarani, na pilipili yake. Karanga kiganja kimoja, nusu avoka, sambaza wa ziwa wakavu wa kutafuna. Vyote vina wanga kidogo na vinashibisha. Shida ni kwamba kwetu "kitu kidogo" maana yake andazi na chai ya sukari, au Fanta ikiwa kuna mgeni. Na juisi ya marakuja! Kila mtu anaapa ni tunda tu, huku aliyeitengeneza amemimina nusu kilo ya sukari. Ndizi mbivu sikuiacha, ila nilikula nusu, pamoja na karanga.

Namba za sukari ya damu ambazo kwa kawaida mama huwekewa ni hizi, kwa miligramu kwenye desilita: chini ya 95 kabla ya kula asubuhi, chini ya 140 saa moja baada ya kula, au chini ya 120 baada ya saa mbili. Saa inahesabiwa tangu tonge la kwanza, siyo tangu sahani zilipotolewa. Na kabla ya kupima, mikono ioshwe kwa maji na sabuni: kidole kilichomenya embe kitaipa mashine ya kupimia sukari ya embe, nawe ulie bure.

Bandeleti, vile vijiti vya kupimia vinavyoingizwa kwenye mashine, ni ghali, najua. Zikiwa chache, panga na muuguzi saa za kupima, maana wengi wanabana kwa kupima asubuhi peke yake na hawajui kabisa chakula kinawafanyia nini. Mimi nilitaka kupima hasa baada ya chakula nilichokitilia shaka. Viazi vitamu vitupu vilinipandisha vibaya. Vichache, pamoja na maharagi na lengalenga, nikabaki salama. Jirani yangu mwili wake ulisema vingine.

Kinachoniudhi zaidi ni daftari la uongo. Mama anaona 163, anaandika 118, kwa sababu mara ya mwisho alifokewa mbele ya wenzake kwenye benchi la maternite. Lawama yangu naiweka kwa anayefoka. Daktari anaangalia namba hizo ili aamue kama insulini inahitajika, na daftari zuri la uongo linamnyima mama dawa. Hasa namba ya asubuhi: kuna wanawake wanaokula vizuri kabisa na bado inakataa kushuka, kwa sababu usiku kazi iko kwa ini na homoni. Hao wanahitaji dawa, na dawa hiyo haina uhusiano wowote na ulafi.

Baada ya kuzaa, sukari kwa kawaida inarudi chini haraka, na hapo ndipo kila mtu anasahau kipimo cha kati ya wiki ya 6 na ya 12, ingawa mama aliyepitia haya yuko karibu zaidi na kisukari cha kudumu. Tarehe yangu niliiandika kwenye kadi ya mtoto ya kupimia uzito, kwa sababu kadi hiyo hakuna mtu nyumbani anayethubutu kuipoteza.