Kaburi la kupanga na kaburi la migombani

Hamburg, ninakoishi, kaburi hupangwa kama chumba. Unalipia miaka 25, ikiisha unaongeza hela au mahali panarudi kwa wenyewe. Kumzika mtu uani kwako sheria haikuruhusu. Baba alipofariki mwaka jana niliwaambia wenzangu kazini kwamba tumemzika nyuma ya nyumba, kwenye migomba yake, Rungwe. Wakabaki midomo wazi. Niliringa nalo hilo miezi kadhaa.

Desemba nikaenda na familia. Mimi, dada yangu, mdogo wetu wa mwisho na watoto sita, tumebanana kwenye Noah. Baba alikuwa fundi TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, kwa hiyo tulianzia stesheni ya Mbeya. Mwanangu akauliza treni inakuja saa ngapi, mjomba mmoja aliyekaa kivulini akacheka mpaka akakohoa. Reli ya kilomita 1,860, na karo zetu zote zilitoka humo. Tukapiga picha, tukapandisha Uyole, Isongole, viazi njia nzima, mvua ikaanza.

Daraja la Mungu tulikaa sana. Mto Kiwira unapita chini ya mwamba uleule, unanguruma vilevile. Zamani Baba alitushika kola za mashati, watoto watatu kwa mikono miwili, mpaka leo sijui alifanyaje. Nami nimemkamata mwanangu kola hivyohivyo bila kujijua. Dada akasema, "Legeza bwana, utamnyonga kama tulivyokuwa tunanyongwa sisi."

Sasa nyumbani. Nyasi kiunoni. Chipukizi la mgomba limepasua saruji upande wa miguuni. Na kwenye msalaba, kamba. Kwenye kamba, mbuzi wa jirani, anatafuna taratibu.

Mama jirani akaja mbio na kanga kichwani, anaona aibu. "Shikamoo mama," tukasema. "Marahaba wanangu. Msinifikirie vibaya, angalau mbuzi anapunguza majani." Na kweli, pale kamba ilipofika palikuwa safi. Yule mbuzi alikuwa amemfanyia baba yangu kazi kuliko mimi.

Bibi wa mke wangu amelala Hamburg kwenye kaburi la kupanga. Kuna mtunza bustani analipwa, maua yanabadilishwa kila msimu, sijawahi kuona gugu. Nilizoea kuona huo ni ubaridi wa Wazungu. Siku hizi naona wenzetu walishakubali kwamba watoto wataondoka, wakajipanga. Sisi tumeondoka pia, mimi Ujerumani, wengine Dar, ila bado tunaongea kana kwamba kuna mtu amebaki na jembe. Kisha tunatuma hela za vigae vya kaburi. Kwenye kikundi chetu cha simu tulibishana wiki mbili kuhusu rangi ya vigae! Hakuna aliyeuliza nani atapalilia.

Sitaki Baba apangishiwe mahali popote, nisieleweke vibaya. Ila ardhi kuwa yetu hakutoshi kunipa haki ya kuringa. Nimependekeza hela ya vigae tumpe mama jirani kila mwezi, tena iitwe mshahara, isiitwe zawadi. Mdogo wangu amekubali. Dada bado anataka vigae.

Tulipalilia sote mpaka jioni, Dada akapika mbalaga, ndizi zetu za kwetu. Mbuzi tulimhamishia kwenye mparachichi. Asubuhi tukamkuta kwa Baba, kamba ameikata.