Taa wa baharini na diatomu wa mto Themi, mi nipo na diatomu

Kila stori za viumbe wa majini zikianza hapa Arusha zinaishia baharini tu, papa, pomboo, taa, na kiukweli siwalaumu watu maana yule samaki taa mwenye madoa ya bluu wa pwani yetu ni mzuri jamani, mwili bapa, macho juu mdomo chini, maji yakijaa anasogea kwenye mchanga kutafuta kaa na minyoo, mkiani ana miiba ya sumu na mwili mzima hana mfupa hata mmoja, ni gegedu tupu.

Ila mi naona tunamsahau wa kwetu. Ule utelezi wa kahawia kwenye mawe ya mto Themi mara nyingi ni diatomu, mwani wa seli moja ambao bila hadubini humuoni, na kila mmoja amejijengea nyumba ya silika, yaani kioo kabisa, vipande viwili vinavyofunikana kama kopo na mfuniko wake. Akijigawa kila mtoto anachukua kipande kimoja anakifanya mfuniko halafu anajenga cha ndani, kwa hiyo kizazi kwa kizazi baadhi yao wanazidi kuwa wadogo mpaka wanafika mahali inabidi wazaliane kwa jinsia ndo wanarudi saizi yao. Yule taa wa madoa yeye anazaa watoto wachache tu, hawazidi saba kwa mzao mmoja, na ndo maana uvuvi unaweza kummaliza haraka.

Sasa kinachonifanya nimtetee diatomu ni hiki, taa akiona maji mabaya anaweza kuogelea akaenda zake, diatomu wa kwenye jiwe yupo palepale, maji yakichafuka aina zinazopenda usafi zinapotea zinabaki zile sugu, ukizihesabu unajua mto unaumwa. Na Themi haiishii mjini, inaingia mto Kikuletwa, inapita bwawa la Nyumba ya Mungu, inakuwa mto Pangani mpaka Bahari ya Hindi, kwa hiyo anayempenda taa na huku akatupa taka Themi sijui anampendaje.

Kuwapima sio kazi ya mabilioni, unasugua jiwe kwa mswaki, unasafisha sampuli kwa kemikali maabara, unaweka kwenye hadubini. Sekondari zetu zenye maabara karibu na mto zianze, wanafunzi wapime juu ya mji na chini ya mji, majibu yabandikwe sokoni watu wasome.