Dubu 34 na Tundu la Risasi

Ukimkuta farasi aliyekaushwa ananing'inia darini, kama yule wa msanii Maurizio Cattelan wa mwaka 1997, neno la kwanza mdomoni ni ukatili. Nawaelewa wanaolitamka. Mnyama hakuulizwa, na wapo wasanii nisioweza kuwatetea: samaki papa katika kazi ya Damien Hirst ya 1991 alivuliwa baharini kwa agizo, na alipoharibika, mwaka 2006 akaletwa mwingine kuziba pengo. Hapo mnyama ni kipuri tu.

Ila hasira hiyo siioni kwenye makumbusho ya viumbe, tunakopeleka watoto wakashangae. Huko ngozi ya simba imevalishwa umbo la kuchonga, macho ni ya kioo, tundu la risasi limeshonwa lisionekane. Fundi akiwa hodari sana, utadhani mnyama hajawahi kufa. Kibao kinataja aina yake, basi.

Wasanii Bryndís Snæbjörnsdóttir na Mark Wilson waliliona hilo. Walizunguka Uingereza wakiwatafuta dubu weupe waliokaushwa, wakapata 34, na kila mmoja wakampiga picha papo hapo alipokuwa. Kisha wakaanza kuuliza: huyu aliuawa wapi, na nani, mwaka gani, alifikaje hapa? Ni maswali tunayouliza mtu akifiwa. Mwaka 2004 wakawakusanya kumi kwenye maonyesho mjini Bristol, kila mmoja ndani ya kabati lake la kioo. Nimelifikiria sana jambo hili. Dubu mmoja katika makumbusho ni "dubu mweupe", mwakilishi wa jamii nzima. Wakiwa kumi, uwakilishi unavunjika. Unaanza kuwalinganisha, huyu na yule, na kila mmoja ana siku yake ya kufa. Hata ule mkao wa kutisha, unatambua, aliuchagua fundi.

Msanii Angela Singer wa New Zealand anakwenda mbali zaidi. Hakubali mnyama auawe kwa ajili ya sanaa yake. Huchukua nyara za zamani za wawindaji na kuzifumua, jeraha lililofichwa lirudi machoni pa watu.

Mpinzani atasema dubu wale wameanikwa mara ya pili, na kwamba wapo watakaotoka pale wakitamani kichwa cha paa ukutani kwao. La pili siwezi kulikanusha. Kuhusu la kwanza, safari hii walisimama mbele ya watu pamoja na habari za kifo chao.