Dagaa Walewale, Anwani Saba

Mbalamwezi ikishika Kigoma, mwalo wa Kibirizi unapoa. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu taa ya mvuvi haina ujanja mbele yake. Mitumbwi inapumzika, nyavu zinashonwa, na wafanyabiashara kama shangazi yangu wanapata siku kadhaa za kukaa chini na kutafuta mchawi wa hesabu zao. Mwezi uliopita mchawi nilikuwa mimi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Kaa hapo. Hii bei umeiweka wewe?"

Akanipa simu. Mteja wa Morogoro alikuwa amemtumia picha ya skrini: ukurasa wa dagaa kwenye tovuti niliyomtengenezea, picha ileile, maelezo yaleyale, ila bei ni ya mwaka juzi, pungufu ya leo kwa shilingi elfu sita kila kilo. Mteja hakutaka kusikia lolote. Bei ipo Google, imeandikwa na duka lenyewe, sasa mnageuka vipi? Shangazi alimtumia kilo ishirini kwa bei ya zamani ili asiharibu jina, halafu akaniita.

Nilipoifungua tovuti kwa simu yangu, bei ilikuwa sahihi. Nilipotafuta kama alivyotafuta mteja, nikakutana na ile ya zamani. Ukweli ni kwamba kurasa zilikuwa mbili, na mkosaji nilikuwa mimi. Wakati wa kubadilisha bei sikuhariri ukurasa uliokuwepo. Niliunakili, nikarekebisha nakala, nikaiweka kwenye menyu, na ule wa kwanza nikausahau hewani. Kwa macho ya shangazi ulikuwa umeondoka, maana hauonekani kwenye menyu. Kwa Google haukwenda popote. Ulikuwa na umri, blogu mbili za mapishi zilikuwa zimeuwekea linki, na ulifanana na mpya kama pacha. Google ikaona mapacha, ikachagua mmoja wa kuonyesha. Ikamchagua kaka mtu.

Nikageuza risiti ya mizigo nikaanza kuhesabu upande wa nyuma. Ukurasa wa dagaa ulikuwa unafunguka kwa http na kwa https, ile yenye usalama. Ulifunguka kwa www na bila www. Ulifunguka kama /dagaa na kama /dagaa/, na usidharau huo mkwaju mmoja wa mwisho, kwa injini ya utafutaji hizo ni anwani mbili. Mteja akichagua uzito, anwani inakuwa /dagaa?uzito=kilo. Linki ikipitia Facebook inarudi na mkia mrefu unaoanza na fbclid. Na mwisho kabisa yule kaka mtu, /bidhaa/dagaa-2. Saba. Hapo sijazidisha moja kwa nyingine, maana ukichanganya http na mkwaju na uzito utamaliza risiti. Dagaa ni walewale, waliokaushwa mchangani kidogo na wa chanja wengi, kwenye gunia lilelile.

Sasa, ukiuliza mafundi wa tovuti dawa ya hili, tisa kati ya kumi watakujibu kwa pumzi moja: weka tagi ya kanonikali. Wengine watakutisha kwanza kwamba Google itakupa adhabu kwa kurudia maudhui. Hilo la adhabu tuliache mapema. Google wamesema wazi, zaidi ya mara moja, kwamba kurudia maudhui kwa namna hii ya kawaida hakuleti adhabu. Adhabu ni ya anayerudia kwa nia ya kudanganya. Kinachotokea ni kwamba kurasa zinazofanana zinawekwa kundi moja, mmoja anachaguliwa kuwakilisha, na waliobaki hawaonyeshwi. Kinachouma ni kuchaguliwa asiye wako.

Tagi yenyewe ni mstari mmoja unaokaa kwenye kichwa cha HTML, yaani msimbo wa ukurasa, sehemu ambayo mteja haioni: <link rel="canonical" href="..."> na ndani yake anwani kamili ya ukurasa unaotaka uhesabiwe kuwa ndio wenyewe. Google, Yahoo na Microsoft waliitangaza kwa pamoja Februari 2009, jambo la nadra kwa washindani watatu, na mwaka 2012 ikaandikwa kwenye waraka wa kiufundi wa intaneti, RFC 6596. WordPress, mfumo wa kujengea tovuti, wao walishaiingiza tangu toleo la 2.9, kwa hiyo wengi wetu tunayo bila kujua.

Ugomvi wangu ni na namna tunavyoitumia. Tagi hii ni ombi. Google wanaisoma pamoja na ishara nyingine: unaelekeza wapi watu, linki za ndani ya tovuti yako zinaandikwaje, ramani ya tovuti (orodha ya kurasa unayoipa Google) imetaja anwani ipi, ipo https au la. Ukiandika kwenye tagi kwamba ukurasa halisi ni huu, halafu menyu yako inapeleka kwingine na ramani ya tovuti inataja wa tatu, umempa roboti wa Google anayesoma kurasa mashahidi watatu wanaopingana na unamtaka ahukumu kwa haki. Atachagua anavyoona yeye, na kwenye Search Console, chombo cha Google cha wenye tovuti, utakuta ameandika waziwazi kwamba amechagua tofauti na ulivyopendekeza.

Kwa hiyo kabla ya tagi kuna uamuzi, na uamuzi huo hauhitaji kompyuta. Kaa na mwenye duka, mchague anwani moja kwa kila kitu. Kwa shangazi ilituchukua muda wa chai moja: https, bila www, bila mkwaju mwishoni, herufi ndogo zote. Baada ya hapo kila linki ndani ya tovuti ikaandikwa hivyo, hata ile iliyochapwa kwenye mifuko.

Kisha nyingi kati ya zile saba hazikutaka tagi hata kidogo. Zilitaka kuhamishwa. Meli yetu ya Liemba iliundwa Ujerumani mwaka 1913 ikaitwa Graf von Goetzen, ikaletwa kwa vipande na kuunganishwa hapahapa Kigoma, Wajerumani wakaizamisha wenyewe mwaka 1916, Waingereza wakaiibua 1924, na tangu 1927 ni Liemba. Ukienda bandarini hakuna dirisha la pili la kukatia tiketi ya Graf von Goetzen. Jina la zamani likitajwa unaonyeshwa meli ileile. Kwenye tovuti kazi hiyo inafanywa na uelekezaji wa kudumu, ule ambao seva hujibu kwa namba 301: anayegonga http anapelekwa https, anayegonga www anapelekwa kusiko na www, anayegonga /bidhaa/dagaa-2 anatua kwenye /dagaa.

Tofauti yake na tagi ni hii, na ndiyo iliyomgharimu shangazi. Tagi inaongea na roboti tu. Mteja akifungua ukurasa wa zamani aliouhifadhi WhatsApp miezi minane iliyopita, tagi haimgusi. Atausoma, ataiona bei ya zamani, atapiga picha ya skrini. Uelekezaji unambeba mteja na roboti pamoja. Ningeweka kanonikali kwenye ukurasa ule wa zamani nikaenda kulala, Google huenda ingerekebisha orodha yake, na mteja wa Morogoro angebaki na ushahidi wake mkononi.

Zilizobaki kwa tagi ni zile ambazo mteja anazihitaji. Uzito wa kilo lazima uwe na anwani yake ili aweze kumtumia mwenzake. Mkia wa Facebook siwezi kuuzuia. Hizo ziache zifunguke, ila zote zitamke kwenye tagi kwamba mwenyewe ni /dagaa, na /dagaa nayo ijitamke yenyewe. Hiyo ndiyo kazi halali ya kanonikali, na ni ndogo kuliko sifa zake.

Inaweza pia kuharibu. Tovuti ya kwanza niliyoijenga, ya mtu anayeuza mawese na migebuka ya kukausha, nilichukua kiolezo cha bure ambacho fundi wake alikuwa ameigandisha tagi kwenye kichwa: kila ukurasa, uwe wa mawese au wa mawasiliano, ulikuwa unasema mimi ni nakala ya ukurasa wa mwanzo. Sikuangalia. Nani anaangalia? Kurasa nyingine Google iliipuuza tagi, maana mawese hayafanani na salamu za karibu. Lakini nyingine iliitii, zikatoweka kwenye matokeo moja baada ya nyingine, na mimi nikawa namwambia mteja avumilie, mambo ya Google yanachukua muda. Yalichukua muda kweli, kwa sababu nilikuwa nimeomba mwenyewe zitoke.

Lakini kinachonikera kuliko vyote si mawese. Kuna tovuti ya safari, jina naliacha, inayopeleka watu Gombe, kwenye hifadhi ya sokwe. Ina kurasa za Kiingereza na za Kiswahili, na Kiswahili chake ni kizuri, mtu alikaa akaandika vizuri habari za boti, kiingilio, nini cha kubeba. Siku moja nikafungua msimbo wake kwa udadisi tu. Kila ukurasa wa Kiswahili una tagi inayosema ukurasa halisi ni ule wa Kiingereza. Yaani wameandika kwa Kiswahili, halafu wakaiambia dunia kwamba Kiswahili hicho ni nakala, mkiona cha Kiingereza inatosha.

Najua hawakukusudia. Plagini ya tafsiri, ile programu ya nyongeza, ilifanya hivyo au fundi aliogopa ile adhabu ya kufikirika. Lakini tafsiri si nakala, na hilo si uzalendo wangu, ni maelezo ya Google wenyewe: kurasa za lugha tofauti hazihesabiwi kuwa marudio, isipokuwa maudhui yenyewe makuu yamebaki katika lugha moja. Kwa kazi hiyo ipo tagi nyingine, hreflang, inayosema hawa ni ndugu, huyu anaongea Kiingereza na huyu Kiswahili, kila mmoja apewe mtu wake. Na kanonikali ya kila mmoja inajielekeza yenyewe. Tangu mtafiti Jane Goodall afike Gombe mwaka 1960, ukitaka kusoma habari za sokwe wale kwa Kiingereza utazeeka hujamaliza. Mwalimu wa Kasulu anayetaka kuwapeleka wanafunzi wake, na anayeuliza kwa Kiswahili kama anavyouliza kila kitu kingine, ukurasa wake upo, umelipiwa, umeandikwa, na umefichwa kwa mstari mmoja.

Niliwaandikia. Walinijibu kwa Kiingereza kwamba wangelishughulikia.

Kuhusu wale wanaonyanyua makala ya mtu nzima nzima na kuandika chini "chanzo: mtandao", sina mengi. Tangu mwishoni mwa 2009 Google inapokea kanonikali inayovuka kutoka tovuti moja kwenda nyingine, lakini mwizi wa kuku haachi kibao cha jina la mwenye kuku. Kwa wanaochapisha tena makala kwa makubaliano, Google siku hizi wanashauri yule anayerudia auzuie ukurasa wake usiingie kabisa kwenye matokeo, badala ya kutegemea tagi. Hapa kwetu makubaliano yenyewe nayasubiri.

Kazi ya shangazi ilikwisha kabla mwezi haujapungua vya kutosha kurudisha taa ziwani. Wiki chache baadaye ile bei ya zamani ilikuwa imetoka kwenye matokeo. Nikaenda kumwonyesha. Hakutaka kuangalia Google. Alitafuta kwenye simu yake ile linki ya zamani aliyotumiwa na mteja, akaigonga mwenyewe, akasubiri, akaona inafungua ukurasa mpya wenye bei ya leo. Akaigonga tena kuhakikisha.

"Basi nimrudishie yule wa Morogoro afungue."

Akaituma, bila neno la ziada. Kisha akachukua daftari, akapiga elfu sita mara ishirini, na laki na ishirini hiyo akaiondoa kwenye hela yangu ya matengenezo. Sikubisha.