Neema Isimuliwe

Ukimuuliza mtu wa Wete, kwetu Pemba, hali, hata akiwa na homa, "alhamdulillahi" itatangulia kabla ya homa yenyewe. Ni adabu njema na siiachi. Lakini umri unavyosonga naona neno hili limekuwa jepesi mno mdomoni mwangu. Nalisema kabla sijakumbuka nashukuru nini.

Suratu Dhuha ina aya 11 tu, na wengi wetu tuliihifadhi chuo cha Kurani tukiwa watoto. Humo Mtume (S.A.W.) anakumbushwa mambo yake mahsusi: alikuwa yatima akapewa makaazi, alikuwa fakiri akatoshelezwa. Aya ya mwisho inaamrisha neema ya Mola isimuliwe. Kusimulia si kutaja tu. Ni kueleza ilikuwaje, nani alikuwepo, mkono gani ulinyooshwa.

Basi nasimulia.

Baba alifariki nikiwa na miaka sita, mimi na mdogo wangu wa kike tukalelewa na bibi. Msimu wa karafuu ukifika, usiku bibi alikaa kwenye jamvi, koroboi pembeni, akichambua karafuu za watu: makonyo, yaani vijiti vyake, huku, karafuu huku. Akilipwa kwa pishi, chombo cha kupimia. Ilikuwa miaka ya 1990, bei ya karafuu imeanguka, na malipo ya mchambuaji ndiyo usiseme. Vidole gumba vyake viliingia weusi usiotoka kwa sabuni. Daftari zangu zote za skuli zilinunuliwa na vidole vile.

Nilipofika darasa la saba nikapanda mkarafuu mwenyewe. Tawi la mkarafuu halipindi, linavunjika. Nilisikia mlio, kisha nikajiona chini, pakacha limenimwagikia kifuani, mguu umeelekea upande usio wake. Mzee mmoja, wala shamba si lake, alinibeba mgongoni mpaka barabarani, akasimamisha gari ya ng'ombe. Njia nzima alinishika kisigino ili mguu usitikisike kwenye mashimo. Maumivu nimeshayasahau, kushikwa kisigino kule sijakusahau. Leo natembea bila ya kuchechemea.

Kuna neema nyengine ambayo kuisimulia ni kuzito. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander I ilipozama karibu na Nungwi ikija Pemba, ami yangu alikuwamo. Alishikilia godoro mpaka asubuhi, watu wa boti wakamvuta. Jirani yetu, mama aliyekuwa akirejea nyumbani na watoto wawili, hakurudi, wala wanawe.

Hapa nachunga ulimi. Nimewasikia watu wakisema mbele yetu, "Mungu kakupendeni," na kila nikisikia namuona mume wa jirani yule kakaa barazani kwake, anasikia. Je, yeye hakupendwa? Shukrani inayopimwa kwa msiba wa mwenzio siitaki, na nadhani hatufai kuizoea. Ninachosimulia mimi ni godoro, na mikono ya wale watu wa boti tusiowajua mpaka leo, na kwamba mwaka uliofuata ami alisimama kwa nafasi ya baba yetu, akamuozesha mdogo wangu. Sauti yake ilikatika katikati ya kuozesha. Akanyamaza, akaanza tena.

Bibi ameshatangulia, Mwenyezi Mungu amrehemu. Kilichobaki kwangu ni pishi yake, ipo juu ya kabati. Juzi binti yangu aliishusha, akataka kutilia kalamu zake za rangi.

"Baba, hii ya nini?"

Nilikuwa na simu mkononi, nikataka kumjibu kwa neno moja. Nikaiweka chini, nikamwambia akae, nikaanzia kwenye jamvi na koroboi.