Kutolewa thaimasi sio mwisho wa mayasthenia

Hapa Mombasa mtu akisikia umepasuliwa kidari ukatolewa tezi ya thaimasi kwa sababu ya mayasthenia, ugonjwa wa misuli kulegea, anajua nyuzi zikitoka na ugonjwa umetoka, sasa wakikuona wiki kadhaa baadae kope bado zalegea jioni waanza kusema hospitali imekula pesa bure. Mie naona mzozo wote watoka hapo, kwa sababu wanaoogopa upasuaji hawasemi upuzi na wanaoutetea wana ushahidi, ila hawa wahesabu wiki na wale wahesabu miaka.

Mayasthenia gravisi ni kinga ya mwili kushambulia pale neva inapokutana na msuli, ndo maana mtu aona viwili viwili, taya zachoka katikati ya kula, ikizidi hata pumzi zakata. Thaimasi iko nyuma ya mfupa wa kidari na kwa wengi inachangia kutengeneza antibodi, yaani zile protini za kinga zinazofanya hilo shambulio. Ikiwa na uvimbe kwa kawaida inatolewa, mabishano ni kwa wasio na uvimbe. Mwaka 2016 ulitoka utafiti wa wagonjwa 126, wengine walipasuliwa na kupewa prednisoni, dawa ya steroidi ya kutuliza kinga, wengine prednisoni tupu, na kwa miaka 3 waliopasuliwa walikuwa na nguvu zaidi na dozi yao ilikuwa wastani wa miligramu 44 kila baada ya siku moja, wenzao 60. Ndugu zangu, miaka 3!

Upande wa pili nao mzito. Mfupa ukikatwa wataka kama miezi 2 mpaka 3 kuunga, hubebi mtungi wa maji, humnyanyui mtoto, na nyumba ngapi Kisauni au Likoni zanunua maji ya mkokoteni? Steroidi zachelewesha kidonda kupona, joto la kaskazi laongeza udhaifu, na misuli ya pumzi yaweza kuchoka ghafla baada ya operesheni. Kupitishwa kamera kwa matundu madogo kunapunguza maumivu, lakini kupona ugonjwa wenyewe hakuharakishwi.

Kinachonitia hofu zaidi ni lile kovu, mtu akishakuwa nalo ajiona kapona, aacha mwenyewe tembe za Mestinon, zile za kuipa misuli nguvu, kisha homa ikimshika aenda duka la dawa hataji ugonjwa wake, apewa antibiotiki ya siprofloksasini au kwinini ya malaria au achomwa sindano ya jenta (gentamaisini), na zote hizo zaweza kumlegeza misuli vibaya sana.

Kwa kijana mwenye antibodi za kipokezi cha asetilikolini (pale msuli unapopokea ujumbe wa neva) na udhaifu ulioenea mwilini mie naunga mkono upasuaji, bora kwanza atulizwe kwa dawa mpaka ameze na apumue vizuri. Lakini aliye na antibodi za MuSK, protini nyengine ya msuli hapo hapo, kwa kawaida hafaidiki na kutolewa thaimasi, kwa hivyo kipimo cha damu kitangulie kabla familia haijaanza kuchangisha pesa.